Betri ipimwe kabla ya kuitwa mbovu

Gari linapogoma kuwaka alfajiri, hukumu hupita upesi: betri imekufa. Dereva husema hivyo, jirani aliyekuja kusaidia kusukuma huitikia hivyo hivyo, na si mara chache fundi naye hulisema akiwa bado anaegesha pikipiki yake getini. Kabla ya adhuhuri betri mpya imeshafungwa, ya zamani imeshachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu, na mwenye gari ameshatoa pesa ambazo hakuwa amezipangia. Katika pilikapilika zote hizo hakuna aliyepima chochote. Gari kugoma kunathibitisha jambo moja tu, kwamba umeme wa kutosha haukufika kwenye starta. Sababu inaweza kuwa betri iliyochoka, lakini inaweza pia kuwa waya uliolegea, alteneta isiyochaji, maji yaliyopungua au king'ora kinachonyonya chaji usiku kucha. Ninachokitetea hapa ni kanuni moja: betri isitolewe garini mpaka ipimwe, na mwenye gari ajue kuipima mwenyewe, nyumbani kwake, kwa mita ambayo bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya betri.

Kanuni hiyo inatekelezeka kwa sababu betri ya risasi na asidi haifichi hali yake. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na pamoja na maboresho yote yaliyofuata, kinachotendeka ndani yake ni kilekile. Betri ya gari dogo ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa takribani volti 2.1, ndiyo maana ikijaa husoma volti 12.6 au 12.7 ingawa sote tunaiita ya volti 12. Ndani ya kila chumba kuna sahani za risasi na sahani za oksidi ya risasi zilizozama katika asidi ya salfuri iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, sehemu ya asidi huingia kwenye sahani na kuzifunika kwa salfeti ya risasi, na kimiminika kinachobaki huwa chepesi kikikaribia kuwa maji matupu. Ikichajiwa, salfeti huachia na asidi hurudi kuwa nzito. Kwa hiyo upungufu wa chaji huonekana mahali pawili kwa wakati mmoja: volti hushuka, na asidi hupungua uzito. Salfeti ikikaa kwenye sahani kwa wiki nyingi hugeuka chembe ngumu ambazo chaja haiwezi kuzirudisha tena, na hapo ndipo betri inapoharibika kweli. Kati ya kuishiwa chaji na kuharibika kuna muda wa kuokoa, na muda huo hupotea kwa sababu hakuna aliyetazama.

Kupima kwenyewe ni kazi ya dakika chache, ila ina masharti. Gari liwe limepumzika bila kuwashwa kwa saa kadhaa, na vizuri zaidi usiku mzima, kwa kuwa betri iliyotoka kuchajiwa hubeba volti za juujuu zinazodanganya. Asiyeweza kusubiri awashe taa kubwa kwa dakika mbili tatu, azizime, kisha apime. Swichi ya mita iwekwe kwenye volti za betri, kipimo cha 20, si zile za umeme wa ukutani. Ncha nyekundu iguse nguzo ya chanya na nyeusi iguse ya hasi, tena ziguse risasi yenyewe ya nguzo na si kibanio cha waya. Ukisoma 12.6 au zaidi, betri imejaa. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya 11.9 haina cha kutegemewa. Tazama jinsi nafasi ilivyo finyu: kutoka kujaa hadi kuisha hakufiki volti moja. Hapo ndipo macho na masikio hushindwa. Taa ya ndani itawaka, redio itaimba, na dereva ataapa kwamba betri ni nzima kabisa.

Kisha ncha zibaki hapo hapo wakati mtu wa pili anapiga starta. Kwa joto letu, betri yenye nguvu haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi injini inapozungushwa. Kama ilianza na 12.6 ikaporomoka hadi 7, huo ni ushahidi wa udhaifu. Kama ilianza na 11.9 ikaporomoka, ushahidi bado haujapatikana, maana betri isiyo na chaji ni lazima iporomoke. Ichajiwe, ilale, ipimwe upya. Mafundi wengi huruka hatua hii, na nadhani hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika: betri tupu inapimwa kama iliyojaa, inashindwa, na inahukumiwa. Ikichajiwa mpaka mwisho na bado ikasoma 10.5, hesabu ni nyepesi. Volti 2.1 zimekosekana, chumba kimoja kimekufa, na hakuna chaja wala dawa itakayokifufua. Katika hali hiyo mwenye gari anunue mpya bila kusita, kwa kuwa sasa anajua.

Injini ikiwaka, mita hiyohiyo inasimulia habari za alteneta. Nguzo zinapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.7. Zikisoma 12.3 na kuendelea kushuka, betri haichajiwi. Huenda belti imelegea au alteneta imeharibika, na betri mpya ukiifunga leo itakuwa tupu baada ya siku chache. Zikisoma zaidi ya 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika, maji ya betri yanachemka na kutoka kama mvuke, na betri mpya nayo itakaangwa vilevile. Mtu anayenunua betri kila mwaka na kulaumu ubora wa bidhaa za siku hizi angefaa aanzie hapa. Halafu kuna vichwa vya betri. Ule unga mweupe wenye ukijani au ubuluu unaojikusanya kwenye nguzo huzuia umeme. Weka ncha moja ya mita juu ya nguzo na nyingine juu ya kibanio chake wakati starta inapigwa. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea hapo, katika milimita chache za uchafu. Soda ya kuokea ndani ya maji ya uvuguvugu, brashi, kukausha, kukaza na kupaka grisi: mara nyingine tiba nzima ya betri iliyoitwa mfu huishia hapo.

Wizi wa chaji usiku nao una hesabu yake. Gari lililozimwa hutumia umeme kidogo kwa ajili ya saa yake, king'ora na kumbukumbu za kompyuta, na mafundi hukubali hadi ampea 0.05 kuwa kawaida. Kiasi hicho kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Betri ya ampea-saa 50 itakuwa imepoteza nusu ya chaji baada ya wiki tatu tu za gari kuegeshwa, na hapo hakuna chochote kilichoharibika. Ukiongeza kifaa cha kufuatilia gari au redio iliyofungwa kienyeji, wiki tatu hugeuka siku tano. Ili kulipima hilo, kibanio cha hasi hufunguliwa na mita huwekwa katikati ya kibanio na nguzo, ikiwa kwenye tundu na kipimo cha ampea 10, milango imefungwa na ufunguo umetolewa. Starta isipigwe kamwe mita ikiwa hapo, la sivyo fyuzi ya mita itakatika. Hali yetu ya mijini huzidisha tatizo hili: safari ya kilomita tatu katika foleni, injini ikiunguruma polepole huku kiyoyozi, taa na feni vikiwa vimewashwa, hairudishi kila kilichotumika kuwasha gari. Siku baada ya siku betri huishi nusu tupu, na salfeti hugandana kwenye sahani zake bila mwenye gari kuona dalili yoyote.

Maji yanastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu joto la pwani na la nyanda za chini ni adui mkubwa wa betri. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila nyuzijoto 10 zinapoongezeka, kasi ya kuchakaa ndani ya betri huongezeka takribani maradufu, na betri ya gari hukaa kando ya injini. Kinachopungua ni maji; asidi yenyewe hubaki. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji yasiyo na chumvi wala madini, yale ya chupa yanayouzwa kwa kazi hiyo. Maji ya bomba na ya kisima yana madini yanayoharibu sahani. Vifuniko vifunguliwe, sahani zitazamwe kwa tochi (kiberiti au mshumaa ni hatari), na maji yafunike sahani kwa kimo cha sentimita moja hivi. Kama sahani hazijaachwa wazi, betri ichajiwe kwanza ndipo ijazwe, kwa kuwa kimiminika hupanda wakati wa kuchaji na hufurika. Haidromita, yaani kipimo cha uzito wa asidi, ikitumiwa katika kila chumba, betri iliyojaa husoma 1.265 hadi 1.280, na iliyo nusu husoma 1.190 hivi. Lakini baadhi ya betri zinazotengenezwa kwa nchi za joto hutiwa asidi nyepesi kidogo, kwa hiyo maelekezo ya mtengenezaji yafuatwe. Muhimu zaidi ni ulinganifu. Vyumba vitano vikisoma 1.250 na kimoja 1.180, umekipata chumba kibovu bila kubahatisha.

Hapa pana desturi moja inayopaswa kukoma: kumwaga asidi yote ya betri iliyochoka na kuijaza asidi mpya. Haidromita itapanda, na mteja ataonyeshwa kwamba betri imepona. Lakini salfeti iko kwenye sahani, haikumwagwa pamoja na asidi. Kilichoongezeka ni ukali wa kimiminika kinachozidi kuzila sahani hizo. Tena kilichomwagwa uani kina risasi ndani yake, na watoto huchezea hapo. Kinachohitajika ni kuchaji polepole. Kwa betri ya ampea-saa 50, ampea 5 kwa saa kumi au kumi na mbili ni kiwango salama. Kuipiga chaji kubwa kwa saa moja huipasha joto na kupinda sahani zake, na kuwasha gari kwa kuazima umeme wa gari jingine kisha kutegemea mwendo wa mjini uijaze betri iliyokuwa tupu kabisa ni kuitwika alteneta kazi ambayo haikuundwa kuifanya.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya hatari na waachiwe wenye ujuzi. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi ambayo ikifika asilimia 4 tu ya hewa yaweza kulipuka kwa cheche moja, na asidi hutoboa nguo na kupofua macho. Miwani na glavu zivaliwe, kazi ifanyike penye hewa, sigara iwekwe mbali, na asidi ikimrukia mtu jichoni aoshe kwa maji mengi kwa muda mrefu kisha aende hospitali. Kibanio cha hasi ndicho hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho, kwa kuwa bodi ya gari yote ni hasi, na spana inayofungua chanya ikigusa bodi wakati hasi bado imefungwa huzalisha cheche kubwa pale pale penye gesi. Ila nusu ya pili ya hoja haisimami. Hatari kubwa zaidi katika gereji za mitaani hutokana na watu kufanya kazi bila kipimo. Fundi asiye na mita huipima betri kwa kugusanisha nguzo zake kwa spana aone ukubwa wa cheche. Huipima alteneta kwa kung'oa kibanio injini ikiwa inaunguruma, jambo linaloweza kurusha volti zikaunguza kompyuta ya gari lenye thamani mara mia ya betri hiyo. Kugusisha ncha mbili za mita kwenye nguzo ni salama kuliko yote hayo, na anayeweza kubadilisha gurudumu anaweza kufanya hivyo.

Wengine watasema betri za siku hizi zimezibwa na hazihitaji matunzo. Zilizozibwa haziongezwi maji, hilo nakubali, na kujaribu kuzifungua ni kuziharibu. Lakini volti zake husomeka vilevile, nguzo zake hushika unga vilevile, na salfeti huzishambulia vilevile zikiachwa tupu. Kukosa tundu la maji kunaondoa kazi moja kati ya nyingi.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaosema betri ikitupwa mapema hakuna hasara, kwa kuwa risasi yake huyeyushwa na kutengenezwa betri nyingine. Ni kweli kwamba risasi huweza kurudiwa tena na tena, na kwamba zaidi ya robo tatu ya risasi inayotumika duniani huenda kwenye betri za aina hii. Swali ni wapi inayeyushwa, na nani anavuta moshi wake. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi karibu na nyumba za watu takribani 3,000 kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Phyllis Omido, aliyeajiriwa kiwandani hapo, aligundua kwamba mwanawe alikuwa ameingiwa na sumu ya risasi, akaanzisha mapambano yaliyomletea Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikairejesha mwishoni mwa 2024. Huko Senegal, katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer jijini Dakar, watoto 18 walifariki kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 mahali ambapo risasi ya betri ilikuwa ikiokotwa mchangani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi, kwa kuwa akili zao bado zinakua. Betri moja ya gari dogo ina kilo kadhaa za risasi. Kila betri inayotolewa garini miaka miwili kabla ya wakati wake inaongeza mzigo huo kwenye njia ambayo mara nyingi hupita kwa watu wasio na barakoa, wanaomwaga asidi ardhini na kupasua boksi kwa shoka. Viwanda vizuri vya kuyeyusha betri vinahitajika, na serikali zetu zinadaiwa usimamizi mkali. Lakini usimamizi huo ukija kesho, bado haitakuwa halali kupeleka tanurini kitu ambacho kingefanya kazi kwa kukazwa nati na kuchajiwa usiku mmoja.

Kuhusu riziki ya mafundi, sioni kwamba kanuni hii inawanyima. Kuchaji polepole, kusafisha vichwa, kutafuta kinachonyonya umeme na kutengeneza alteneta zote ni kazi za kulipwa, tena za kila mara, na zinamjengea fundi mteja anayerudi. Anayepungukiwa ni yule anayepata kamisheni kwa kila betri inayouzwa, na sidhani riziki hiyo inastahili kulindwa kwa gharama ya mteja na afya ya mtoto wa jirani wa kiwanda.

Ili kanuni hii ifuatwe, vyuo vya udereva vinavyofundisha alama za barabarani kwa wiki nzima vitenge saa moja ya mita na maji ya betri. Maduka ya betri yaandike kwenye kadi ya waranti vipimo vitatu: volti za betri ya zamani baada ya kuchajiwa, volti ilizoshukia starta ilipopigwa, na volti za alteneta siku ya kufunga mpya. Vipimo hivyo vitamlinda mwenye duka pia, maana mteja akirudi baada ya miezi minne akidai waranti, itaonekana kama alteneta ilikuwa nzima au alionywa akapuuza. Na betri mpya yenyewe isiaminiwe kwa sababu tu inang'aa. Betri hupoteza chaji ikiwa rafuni, hasa katika duka lenye bati na joto, na iliyokaa hapo miezi mingi huweza kuuzwa ikiwa na salfeti tayari. Mteja aombe mita kabla ya kulipa. Ikisoma chini ya 12.4, ichajiwe hadi ijae na ipimwe upya mbele yake, au achukue nyingine.